Nyeusi kwa KO, Nyekundu kwa Pointi

Zuhura alivunja taya la mtu kabla hajajua kwamba kuna watu wanalipwa kwa kazi hiyo. Ilikuwa Bigwa, wakati wa magharibi, na alikuwa amebeba abiria mmoja aliyesema anakwenda Kiroka. Walipozipita nyumba za mwisho, yule abiria akamtia kamba ya shingo kutoka nyuma. Wengi wetu habari yetu ingeishia hapo, tukazikwa kesho yake baada ya adhuhuri. Zuhura yeye aliiachia pikipiki, wakaanguka wote, wakabiringishana kwenye tope, na alipopata pumzi tu akageuka akampiga yule mtu ngumi moja ya kidevu. Taya likalia kama kuni kavu inayovunjwa gotini.

Pale pale kazi ilikuwa imekwisha. Mtu alikuwa amelala, macho yamegeuka, kamba imemtoka mkononi. Lakini Zuhura alimkalia kifuani akaendelea kumpiga. Vijana wa kijiweni walifika mbio na mawe yao, tayari kwa ile haki ya barabarani tunayoijua, wakakuta hakuna walichobakiziwa. Ikabidi wayaweke mawe chini, wamwondoe yeye kwanza juu ya yule mwizi. Watu walicheka sana kisa hicho, na mwaka mzima hakuna aliyethubutu kumpunja nauli.

Mmoja tu hakucheka, naye ni mjomba wake Mikidadi, aliyekuwa na banda la kuziba pancha pale pale Bigwa. Ujanani Mikidadi alipigana ngumi mpaka pua ikalala upande, akaacha akiwa na sikio moja linalosikia. Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye mtoto; baba ana heshima yake, ila mambo mazito yanaamuliwa na kaka wa mama. Mikidadi alimwita bandani, akaitazama mikono yake iliyochubuka, akaigeuza huku na huku.

"Mkono unao," akasema. "Shida yako ni kwamba hujui pa kuachia. Hilo nitakufundisha mimi."

Akamfundisha. Alining'iniza tairi la lori kwenye mti wa mfenesi nyuma ya banda, na kila alfajiri kabla ya kuingia barabarani Zuhura alilipiga lile tairi mpaka vifundo vya vidole vikatoa damu. Alijifunza kuzunguka, kuinama, kupiga na kutoka. Pa kuachia hakujifunza. Alipigana Ifakara, akapigana Kilosa, akapigana Dar es Salaam mara mbili, na kila aliposhinda alishinda kwa kuondolewa juu ya mtu. Mume aliwahi kuwa naye, Hamza, fundi seremala. Hamza alimpiga kofi siku moja tu kwa sababu ya mboga. Kesho yake aliondoka na godoro lake, jicho moja limefumba, kitanda akakiacha.

Basi huyo ndiye Zuhura, na kama angekuwa hivyo tu ningesema ni mwanamke mkorofi, nikaishia hapo. Lakini kuna habari ya Asia.

Asia alikuwa mdogo wake, kitinda mimba, msichana wa kuimba njia nzima. Masika moja walikuwa wanashuka kutoka Kinole kwa mama yao, Asia nyuma, kapu la iliki katikati yao. Barabara ile ikilowa huwa haina urafiki na mtu. Kwenye kona moja wakakuta lori la ndizi limekwama, limekaa mshazari, limeziba njia. Zuhura akabana breki. Tairi la nyuma likajamu, likaacha kuzunguka kabisa, pikipiki ikalala ubavu ikateleza kwenye utelezi kama sabuni. Zuhura alibaki pembeni na mchubuko wa goti. Asia aliingia chini ya lori, na wakati ule ule dereva, ambaye hakuwaona, alikuwa anajaribu kurudi nyuma.

Zuhura aliusikia ukelele na akausikia ulipokatika. Alimvuta mdogo wake kwa miguu kutoka chini ya lile lori, na kilichotoka hakikuwa kitu cha kuonyeshwa mama. Wakazika Kinole. Hakuna aliyemlaumu, si mama yake, si mjomba, si dereva wa lori. Yeye angependa walau mmoja amlaumu, apate wa kupigana naye. Tangu hapo hakuiona pikipiki yoyote bila kuinama kuangalia breki zake.

Sasa aje Thobias. Huyu aliuza pikipiki kule Msamvu, mtu wa mashati ya kumetameta na sauti ya kutangaza hata anapoomba chumvi. Alikuwa ameingiza pikipiki za spoti, zile za kuinama mbele mpaka kidevu kikaribie tangi, na Morogoro nzima ilikuwa inakuja kuzipiga picha na kwenda zake. Mtu wa kununua hakuna. Akaona dawa ni ngumi. Akaandaa pambano la wanawake, Idi pili, alasiri, na zawadi ikawa pikipiki.

Zuhura na mjomba wake walikwenda dukani kuiona hiyo zawadi. Wakakuta pikipiki mbili zimesimamishwa kwenye zulia, moja nyekundu, moja nyeusi.

"Ni ndugu, mama mmoja, baba mmoja," Thobias alisema. "Injini ile ile, mwendo ule ule. Nyekundu ni kavu, yaani toleo la kawaida. Nyeusi ni ful. Shokapu za dhahabu, kioo cha rangi kama cha simu, na breki ambazo ukizibana vyovyote vile tairi halijamu."

"Halijamu?" Zuhura akauliza.

Thobias alipenda sana maswali ya namna hiyo. Akaamuru uwanja wa nyuma umwagiwe maji na sabuni, akamwita fundi wake. Fundi alipanda nyekundu, akaja kasi, akabana breki, na mkia wa pikipiki ukazunguka mpaka akaangusha mguu kujizuia. Akapanda nyeusi, akaja kasi ile ile, akabana vile vile. Nyeusi ilitetemeka kidogo ikasimama wima, kwenye mstari wake. Alikwenda akaigusa diski ya mbele kwa vidole, na Mikidadi alipomwona anaigusa namna ile alijua kwamba mambo yameharibika.

"Mshindi anachukua ipi?" mjomba akauliza.

"Hapo ndipo penye utamu, mzee wangu. Akishinda kwa pointi, anaondoka na nyekundu. Akimlaza mwenzake chini mpaka ahesabiwe kumi, anaondoka na nyeusi."

"Na mwamuzi akisimamisha pambano, mmoja akiwa hajiwezi?"

"Tutahesabu kama pointi. Nyekundu." Thobias alitabasamu. "Watu wanataka kuona mtu chini. Sikununua pikipiki hizi ili mwamuzi anikatishie shoo."

Mikidadi alisema hapo hapo kwamba wao watachukua nyekundu. Zuhura alikuwa bado ameishika diski ya nyeusi.

Waligombana bandani. Mikidadi alikuwa anachomoa mpira kwenye tairi la baiskeli, na alisema maneno yake bila kuinua uso. Kwamba bondia anayeitafuta KO anaacha kifua wazi. Kwamba Zuhura ana miguu mizuri, azunguke, aguse, atoke, nyekundu ni yake bila jasho. Kwamba hata hivyo pikipiki ya spoti ni ya lami, haiwezi kupanda Kinole hata ikiwa na breki za malaika, sasa hizo breki anazitakia nini.

"Nyekundu ina breki zile zile zilizomuua Asia," Zuhura akasema.

"Asia hakuuawa na breki."

"Aliuawa na nini?"

Mikidadi alilifikia kopo la gundi. Jibu alikuwa nalo, na Zuhura alijua kuwa analo, kwa sababu siku ile kabla ya ile kona yeye Zuhura alikuwa anaikimbiza pikipiki. Wote wawili walilitazama lile tairi la baiskeli. Kisha mjomba akapaka gundi, akaendelea na kazi.

Mpinzani aliyeletwa aliitwa Yuliana, binti wa watu wa mashamba ya miwa huko Kilombero, na mumewe Fidelis, mkata miwa, ndiye aliyemsimamia konani. Siku ya kupima uzito mabondia huwa wanatukanana, ndiyo desturi, wanasukumana na kutishana ili picha zipatikane. Yuliana alifika mbele ya Zuhura, akamtazama, akasema, "Shikamoo, dada."

Zuhura alishikwa na butwaa. "Marahaba," akajibu, na ukumbi mzima ukavunjika mbavu.

Mtangazaji akamuuliza Yuliana anaitaka pikipiki ipi. Akaziangalia zote mbili kwa adabu, akaonyesha pengo la meno ya mbele. "Yoyote. Mimi hata baiskeli ya kwangu sijapata kuwa nayo. Hiyo nyekundu ni nzuri."

Idi pili ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Pikipiki mbili zilikuwa juu ya jukwaa kando ya ulingo, zimepigwa nta, na kila Zuhura alipogeukia kona yake aliiona nyeusi juu ya bega la mjomba. Kengele ikalia.

Adabu ya Yuliana ilibaki nje ya kamba. Raundi ya kwanza alimpiga Zuhura ubavuni ngumi iliyomtoa mate na pumzi pamoja. Raundi ya pili alimvunja pua. Zuhura alisikia ikivunjika ndani ya kichwa, damu ikashuka kooni, akaimeza. Mikono ya yule binti ilikuwa mifupi na mizito, mikono ya mtu aliyekua anainua mafungu ya miwa, na ilipokugusa haikugusa juu juu. Katika kona Mikidadi alimziba pua kwa pamba na vidole. "Zunguka," akamwambia. "Huyu hana miguu. Zunguka, gusa, toka."

Akazunguka. Raundi ya tatu na ya nne alimzunguka Yuliana kama anavyozungushwa ng'ombe wa kufungwa, akamchanja usoni kwa mkono wa kushoto, mmoja, mmoja, mmoja, mpaka nyusi ya kulia ikachanika na damu ikamfumba jicho. Raundi ya tano alianza kuupiga ule mchaniko wenyewe. Kila ngumi iliufungua zaidi. Damu ilirukia shati jeupe la mwamuzi, ikarukia watu wa mbele, na watu wa mbele wakafurahi. Raundi ya sita Yuliana alikuwa anapiga hewa, anageuza kichwa chote kutafuta kwa jicho moja, na bado hakuanguka. Zuhura alimpiga tumboni mpaka akamsikia anaguna. Alimpiga kooni. Alimpiga sikioni, na sikio likavimba hapo hapo. Yule binti alirudi nyuma hatua chache, akatikisa kichwa, akaja tena.

Zuhura akaanza kumchukia kwa kutoanguka. Nasema ukweli wake kama ulivyo. Hakuwa anaona mtu tena, alikuwa anaona kitu kilichosimama kati yake na zile breki.

"Imekwisha," Mikidadi alimwambia kabla ya raundi ya saba. Alimshika mashavu kwa mikono miwili ili amtazame. "Unaongoza mbali. Raundi mbili zimebaki. Usimguse tena yule mtoto, cheza tu mpaka kengele. Umenisikia? Nyekundu ni yako."

Zuhura alikuwa anatazama juu ya bega lake.

Raundi ya saba alimsukuma Yuliana mpaka kwenye kamba na akamweka pale. Ngumi ya kushoto, ya kulia, ya kushoto. Kinga ya meno ya Yuliana ikatoka, ikaanguka na uzi wa damu. Mkono wake wa kushoto ukashuka, ukabaki unaning'inia, haupandi tena. Jicho lake lililobaki lilikuwa wazi lakini halikuwa linatazama kitu. Kutoka kona ya pili Fidelis alikuwa anapunga taulo, anaita jina la mkewe. Na mwamuzi, yule mtu mfupi mwenye shati lililochafuka, alianza kuja, mkono ameunyoosha kuwatenganisha.

Zuhura alimwona. Wengine walisema baadaye kwamba hakumwona, na hata Mikidadi alijaribu kusema hivyo. Alimwona vizuri kabisa. Alijua maana ya ule mkono, kwamba pambano limekwisha na ameshinda, na kwamba mkono ule ukifika tu, pikipiki ni nyekundu. Akauwahi. Ngumi ya kwanza ilimpata Yuliana kwenye panja, na kichwa kikageuka chote. Ya pili ilimkuta ameshaanza kuanguka, nyuma ya sikio, na Zuhura aliitoa kiunoni, kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Yuliana alikwenda chini kwa uso, bila kutanguliza mkono, na kishindo chake kikasikika juu ya kelele zote.

Mwamuzi akahesabu kumi. Angeweza kuhesabu mia.

Ukumbi ulilipuka. Vijana wa kijiwe cha Bigwa walivunja kizuizi, wakambeba Zuhura juu juu, wakampandisha kwenye ile nyeusi, na ufunguo Thobias akautia mwenyewe mbele ya kamera. Huko ulingoni Fidelis alikuwa amepiga magoti, anamgeuza mkewe ubavu asije akanyongwa na damu, anaomba maji, na hakuna aliyemsikia.

Desturi ya waendesha bodaboda, mwenzao akishinda kitu, ni kumtoa mjini kwa msafara. Basi walimtoa. Zuhura mbele na nyeusi yake, pikipiki nyuma yake hazina idadi, honi, miluzi, matawi ya mwarobaini, wengine wamesimama juu ya viti. Wakaizunguka Morogoro, wakapita sokoni, wakapita Kilakala, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba njia waliyoichukua inapita mbele ya hospitali. Mbele ya geti alikuwa amesimama Fidelis, peke yake, raba za mkewe mkononi.

Zuhura alibana breki kwa nguvu. Nyeusi ilitetemeka kidogo, ikasimama wima. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuzijaribu. Fidelis alimtazama, uso umevimba kwa machozi, na midomo ikafunguka kama mtu anayetaka kuuliza jambo. Nyuma honi zililia, mtu akapiga kelele twende, twende bingwa, na Zuhura akaweka gia akaondoka. Aliona aibu iliyomchoma masikio, lakini aliondoka.

Yuliana walimpasua kichwa wakatoa damu iliyokuwa imeganda. Alilala siku nyingi hajui jina lake. Alipoamka alijua jina lake, alimjua mumewe, aliongea polepole akitafuta maneno, na upande wa kushoto wa mwili haukurudi wote. Mguu ulikubali kuburutwa. Mkono ulikataa kabisa.

Jambo kama hilo, kwa kina Zuhura, mwenye kosa haendi mwenyewe kwanza. Anatangulia mjomba, anakaa na wakubwa wa upande wa pili, anabeba lawama kwa niaba ya mtoto wake, na mambo yakilainika ndipo mtoto anaitwa. Mikidadi akafunga banda, akapanda basi la Kilombero na kanzu yake safi, akarudi baada ya siku mbili.

"Wamenipa maji," akasema. "Wamenipa chakula, wamenipa mahali pa kulala. Jibu hawajanipa."

"Niende mwenyewe?"

"Hujaitwa."

Zuhura akakaa kusubiri kuitwa. Hapo ndipo alipokosea kwa mara ya pili, kwa sababu kwa wakwe wa Fidelis hakuna aliyeijua desturi hiyo. Wao walikuwa wanangoja aliyepiga aje kwa miguu yake. Walimwona mzee mgeni amekuja kusema maneno mazuri, wakadhani yule mwanamke ameona ni kazi ndogo ya kumtuma mtu.

Ngumi aliziacha. Tairi la mfenesini likajaa majani. Watu wangependa nikisema kwamba pikipiki nayo aliichukia, akaiacha ioze. Hakuichukia. Aliipenda, na kuipenda kwenyewe ndiko kulikomtesa. Kila asubuhi aliiosha kwa kitambaa laini, akaenda nayo Kilakala na kurudi, na palipokuwa na lami nyeupe isiyo na watu aliongeza mwendo kisha akabana breki, ili tu ausikie ule mtetemo na aione imesimama wima. Akaulizwa anafanya nini. Akasema anaizoesha.

Siku waliyokuja ilikuwa asubuhi ya jua kali baada ya mvua, Uluguru yote imefunguka mpaka kileleni. Zuhura alikuwa anachuchumaa mbele ya banda, anasugua vyuma vya gurudumu la nyeusi. Alisikia mguu mmoja ukikanyaga na mwingine ukiburuta changarawe. Akainua uso. Yuliana alikuwa amefunga kilemba juu ya nywele zilizoanza kuota, mkono wa kushoto umekunjwa kifuani ndani ya khanga. Fidelis alikuwa nyuma yake.

Mikidadi aliinuka akawakaribisha, akavuta benchi. Fidelis akasema shikamoo. Yuliana hakukaa.

"Nimekuja," akasema, na akasimama kutafuta neno lililofuata. "Nimekuja kumaliza. Zilikuwa raundi nane. Tulipiga saba."

"Mwanangu," Mikidadi akaanza.

"Mzee, wewe ulikuja. Tulikusikia. Sasa ni mimi na yeye."

Alinyoosha mkono wa kulia, na Fidelis, bila kumtazama mtu yeyote, akatoa bandeji mfukoni akauviringisha, kidole kwa kidole, kama alivyomfunga siku ile konani. Zuhura alikuwa ameshasimama. Aliweka kitambaa juu ya kiti cha pikipiki. Akasogea mpaka mbele ya Yuliana, mikono chini, akangoja.

Ngumi ya kwanza ilimpata shavuni na kuteleza. Haikuwa na uzito. Ule mkono uliowahi kumvunja pua ulikuja umechelewa, umepinda, na mwili wote wa Yuliana uliyumba nao mpaka Fidelis akamshika kiuno. Akapiga tena. Ya pili ilichana mdomo kidogo, damu ikatoka. Yuliana alikuwa analia kwa hasira, kwa sababu alisikia mwenyewe jinsi zilivyo nyepesi. Akapiga ya tatu, ya bega.

Zuhura akaanguka.

Alianguka kwa mgongo, mikono kando, kwenye changarawe zenye maji. Mikidadi, ambaye maisha yake yote ameona watu wakianguka, aligeuza uso.

"Inuka," Yuliana akasema.

"Umenilaza. Nihesabieni."

"Inuka, usinidanganye. Mimi siku ile sikukudanganya. Nilianguka kwa sababu ulinipiga."

"Nilimwona mwamuzi akija," Zuhura akasema kutoka pale chini. Alikuwa hajapata kumwambia mtu. "Nilimwona, Yuliana. Nilikuwa nimeshashinda. Nilikupiga zile mbili kwa ajili ya hii." Akatia mkono mfukoni akatoa ufunguo, akauinua juu. "Umenilaza chini. Kwa sharti la Thobias nyeusi ni yako. Ichukue. Naomba uichukue."

Yuliana aliutazama ufunguo, kisha akaitazama pikipiki. Alisogea akaizunguka polepole akiburuta mguu, akagusa tangi, akafikia usukani, mkono wa kushoto ukibaki ndani ya khanga.

"Klachi yake iko mkono gani?" akauliza.

Zuhura alifumba macho. "Kushoto."

"Na ile nyekundu?"

Fidelis alikuwa ameinamisha kichwa.

"Dada Zuhura, nakuuliza. Ile nyekundu, ile kavu, klachi yake ilikuwa mkono gani?"

"Kushoto," Zuhura akasema.

Yuliana akatikisa kichwa kukubali. Akampa mumewe mkono wa kulia amfungue bandeji, na ilipokwisha kufunguka wakaondoka taratibu kuelekea barabarani. Zuhura alibaki amelala pale pale kwenye changarawe, ufunguo mkononi, na Mikidadi hakumwambia ainuke.